Umbali wa Maskati: barua kwa binti wa ndugu yangu

Unguja, mwezi wa Shaaban

Mwanangu mpenzi,



Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Hofu yetu ni kwako wewe uliye peke yako Dar es Salaam ukihangaika na makaratasi ya safari. Mama yako anaendelea vizuri. Sukari imeshuka, na siku hizi jioni anatoka kukaa barazani na majirani.

Ujumbe wako umenifikia. Umeuliza kwa ufupi, ndiyo kawaida yako: kutoka hapa hadi Maskati ni umbali gani, na ndege inachukua saa ngapi? Ukasema simu imekupa tarakimu tatu za umbali na nyengine chungu nzima za muda, hujui ushike ipi. Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja, lakini miaka yote niliyosomesha jiografia nimeona kuwa mtu anayeuliza umbali wa mji anaokwenda kuishi huwa na swali jengine nyuma ya lile. Lako nalijua na nitalifikia. Tumalize hesabu kwanza, maana bila ya hesabu hilo la pili hatutaweza kulizungumza sawasawa.

Chukua lile tufe la dunia la mezani, ushikize ncha ya uzi hapa Unguja, uuvute hadi Maskati na uukaze. Uzi uliokazwa hivyo hupita njia fupi kuliko zote, na urefu wake juu ya dunia ni takriban kilomita 3,900. Ile 2,400 uliyoiona ni umbali huohuo kwa maili za nchi kavu. Na ile 2,100 ni umbali huohuo tena kwa maili za baharini, ambazo marubani walizirithi kwa manahodha: maili moja ya baharini ni mita 1,852, na imetokana na kuigawa dunia yenyewe, kwani ni sehemu moja ya sitini ya digrii ya latitudo. Tarakimu tatu, njia moja. Ukiondokea huko Dar es Salaam badala ya hapa, unaongeza kama kilomita 65 tu.

Mwambie mama yako jambo moja litakalomtuliza, kwa kuwa anadhani utakuwa juu ya bahari kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uzi ule ukiufuata kwa kidole unaondoka Unguja kuelekea kaskazini na mashariki kidogo, unapita baharini mbele ya Mombasa, kisha mbele ya Lamu, na unapokaribia ikweta unaingia Somalia upande wa Kismayu. Kutoka hapo ni nchi kavu hadi pwani ya kaskazini ya Somalia, halafu unavuka Ghuba ya Aden, unapita kando ya pembe ya mashariki ya Yemen, na kinachobaki ni jangwa la Oman mpaka milima inayoizunguka Maskati. Zaidi ya nusu ya njia ni ardhi. Ndege yenyewe haitafuata uzi huo kipande kwa kipande, kwa kuwa angani kuna njia zilizopangwa na waongozaji wa ndege, na penye vita marubani huzunguka. Ndiyo maana kilomita zinazorukwa huwa zaidi ya zile za kwenye tufe.

Tuje kwenye saa. Ndege kubwa za abiria, zikishafika juu, hukata kilomita 830 au 850 kwa saa. Gawa 3,900 kwa mwendo huo, unapata saa nne na nusu na dakika chache. Lakini ndege haianzi na mwendo huo. Inajikokota kutoka ilipoegeshwa, inangoja zamu, inapanda kwa karibu nusu saa, na inapofika inaanza kushuka mbali sana na mji. Kampuni za ndege huhesabu muda kuanzia ndege inapoacha kituo chake hadi inaposimama kwenye kituo chengine, na huongeza dakika za tahadhari ili isisemwe kuwa wamechelewa. Kwa hiyo safari ya moja kwa moja kati yetu na Maskati huandikwa saa tano, au tano na ushei. Shika saa tano.

Sasa mbona tiketi ilionekana kama saa sita kwenda na saa nne kurudi? Kwa sababu saa ya Oman iko mbele ya yetu kwa saa moja, mwaka mzima, na tiketi huandika saa ya mji unaoondoka na saa ya mji unaofika. Ukipaa saa kumi jioni ya hapa, ukaruka saa tano, sisi kwetu itakuwa saa tatu usiku na Maskati itakuwa saa nne. Ukirudi, ile saa moja unarudishiwa.

Na kuna mtego ambao umewanyima safari watu wengi wa mitaa yetu, wazee na vijana. Tiketi inatumia saa 24, nasi tunahesabu mchana na usiku saa kumi na mbili kumi na mbili. 17:10 ni saa kumi na moja na dakika kumi jioni, hilo utalijua. Linalowakamata watu ni tiketi ya 00:40. Ikiandikwa tarehe 14 saa 00:40, ni saa sita na dakika arobaini za usiku wa kuamkia tarehe 14. Yaani unatakiwa uwanjani tarehe 13, baada ya sala ya Isha. Mtu anafunga begi tarehe 14 mchana, anaaga jamaa, anapelekwa uwanjani kwa gari mbili, anaambiwa ndege yake imeondoka jana usiku. Kabla hujaweka tiketi ndani ya mkoba, iandike upya kwa saa zetu kwenye karatasi, na umpe nakala mtu atakayekupeleka.

Nimeona pia umeulizia tiketi za kuunga kwa kuwa ni rahisi zaidi. Ukipitia Addis Ababa, umbali wote unakuwa kama kilomita 4,300. Ukipitia Doha, kama 4,450. Kwenye tufe hizo ni nyongeza ndogo, hata saa nzima ya kuruka hazifiki. Lakini mapumziko ya katikati ndiyo yanayokula siku: saa tatu za kungoja ukibahatika, saa tisa au zaidi usipobahatika. Mtu anayetazama kilomita peke yake ataona njia hizi zinalingana. Kwa safari ya kwenda, una begi lako na huna haraka, pita unapotaka na uokoe fedha. Kwa safari ya kurudi ya dharura hesabu inageuka kabisa.

Kwa vile huenda ukasafiri Ramadhani, jua kuwa dini yetu nayo ina kipimo chake cha umbali, na sikuzote nimekipenda. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri hupunguza sala anapokwenda marhala mbili, ambazo maulamaa wengi wa leo huzihesabu kuwa kilomita themanini na kitu. Zilikuwa siku mbili za msafara wa ngamia wenye mizigo. Lakini waliposema marhala walikusudia umbali, na wakaeleza wazi kuwa mtu akiukata kwa muda mfupi hukumu haibadiliki. Ndugu zetu Waibadhi, ambao utasali nao sana huko, wao kipimo chao ni farsakh mbili, kama kilomita 12, hivyo usishangae ukimuona mtu anapunguza sala akiwa katika safari ambayo wewe ungeiita matembezi. Na kibla nacho kitahama. Hapa Unguja Makka iko kaskazini yetu barabara. Longitudo yake na yetu karibu ni moja. Ukifika Maskati utaelekea magharibi. Siku za mwanzo utasimama kuelekea usiko kwa mazoea ya mwili, basi uliza mapema.

Kuhusu futari ndani ya ndege: fuata jua unaloliona wewe dirishani, si saa ya Unguja wala ya Maskati. Mtu aliye juu huliona jua kwa muda mrefu zaidi ya aliye chini yake, kwa sababu upeo wa macho yake umekwenda mbali zaidi. Si jambo la ndege tu. Mwaka 2011 masheikh wa Dubai waliwaambia wakaazi wa ghorofa za juu za Burj Khalifa wachelewe kufuturu dakika mbili, na wa juu kabisa dakika tatu. Wewe utakuwa juu zaidi ya mara kumi ya jengo lile. Lakini pia utakuwa unakimbilia mashariki, na anayekwenda mashariki jua humzamia mapema. Mambo hayo mawili yanavutana, ndiyo maana jicho ni bora kuliko hesabu.

Hivi ninavyoandika kaskazi inavuma, na huu ndio upepo ninaotaka tuuzungumze, kwa sababu kwa mamia ya miaka upepo ndio uliokuwa jibu la swali lako. Kabla ya meli za moshi, ungeuliza Maskati ni umbali gani, nahodha angekuuliza kwanza: mwezi gani? Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, iliyaleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi iliyarudisha. Baina yao kulikuwa na tanga mbili, upepo usio na msimamo, ambapo mwenye akili hakuweka tanga. Na hata kusi yenyewe haikutumika yote: Juni na Julai hupiga kwa nguvu sana pwani ya kusini ya Arabuni, bahari inachafuka na bandari za kule hazikaribiki, kwa hiyo majahazi yaliondoka hapa mapema, Aprili na mwanzo wa Mei, au yalingoja hadi ukali upungue, mwezi wa Agosti na Septemba. Jahazi lililokwenda moja kwa moja na kupata upepo mzuri lilichukua wiki tatu au nne. Chukua nne. Hata tukihesabu kilomita 3,900 za ule uzi, ingawa jahazi lilizunguka pwani, kwa wiki nne, usiku na mchana bila kusimama, ni kama kilomita sita kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Jambo ambalo wanafunzi wangu walilifurahia kuliko yote ni kwamba ndege yako nayo inasukumwa na misimu hiyohiyo, ila kinyume. Kusi inapovuma huku chini ikilisukuma jahazi kuelekea Arabuni, kule juu, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, pepo za maeneo yale hutoka mashariki, na ndege inayokwenda Maskati huzikabili. Wakati wa kaskazi, chini jahazi la kwenda Oman halisogei, na juu, ukishavuka Ghuba ya Aden, kuna mkondo wa upepo mkali kutoka magharibi unaoipa ndege msukumo. Kwa hiyo msimu huu utakwenda kwa dakika chache pungufu na kurudi kwa dakika chache zaidi. Kwa jahazi tofauti ya msimu ilikuwa miezi. Kwako ni muda wa kunywa chai.

Sasa nisikilize vizuri. Seyyid Said bin Sultan aliitawala Maskati na Unguja pamoja, akahamishia makao yake hapa, na kila mara alilazimika kurudi kule kutuliza mambo. Mwaka 1856 aliondoka Maskati kurudi Unguja ndani ya meli yake ya vita, Victoria. Akafariki baharini mwezi wa Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwanawe Barghash alikuwa naye na akaileta maiti nyumbani. Fikiria siku zile baina ya kifo na kufika kwa meli. Hapa mjini watoto wake walikuwa wakimngoja aliye hai. Binti yake Salme, ambaye baadaye alikwenda Ujerumani na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakingoja. Mfalme mwenye meli za vita alikuwa amekwishakufa na nyumba yake haijui, kwa sababu habari haikuwa na chombo chake yenyewe; ilipanda meli ileile pamoja na maiti. Miaka mitano baadaye dola yake ikagawanywa, Unguja kwa mwana mmoja na Maskati kwa mwengine. Yapo mengi yaliyosababisha, lakini mimi naamini kuwa umbali ule ulikuwa na fungu lake. Ni vigumu kuishika miji miwili kwa amri inayofika mara moja kwa msimu.

Halafu mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulifika Unguja kutoka Aden, umelazwa chini ya bahari. Kwa maoni yangu, siku hiyo ilibadilisha umbali wa dunia yetu kuliko siku ya ndege ya kwanza. Tangu hapo habari na mtu vikaachana njia. Habari ikawa inafika siku ileile, mtu akabaki na wiki zake. Leo habari inafika kabla mgonjwa hajafumbwa macho, na mtu ana saa zake tano, ambazo, kama nitakavyokuonyesha, si tano.

Hapa ndipo lilipo swali lako lenyewe. Hukuuliza umbali kwa sababu ya kilomita. Unataka kujua kwamba mama yako akizidiwa utaweza kufika. Nitakujibu kama ulivyouliza, kwa hesabu, kwa kuwa najua hutaki kufarijiwa.

Anza na simu. Tuseme umepigiwa alfajiri. Lazima umpate mkuu wako wa kazi akuruhusu. Lazima upate kiti. Ndege ya moja kwa moja haipo kila saa, na ratiba hubadilika kwa msimu; huenda ikawapo leo usiku, huenda ikawa kesho. Uwanja wa Maskati uko Seeb, na mji ule ni mrefu, umejinyoosha kati ya bahari na milima. Ukikaa Ruwi au Matrah weka nusu saa ya gari, na asubuhi ya kazi weka zaidi. Uwanjani unatakiwa saa tatu kabla. Kisha saa tano za ndege. Kisha foleni ya pasipoti hapa, begi, na gari hadi nyumbani. Kila kitu kikienda sawa na ndege ikiwa siku hiyohiyo, ni saa kumi au kumi na moja kutoka kwa simu hadi kwenye baraza yetu. Kisipokwenda sawa, ni siku mbili.

Na sisi tunazika vipi? Anayefariki usiku anazikwa baada ya adhuhuri. Anayefariki asubuhi anazikwa baada ya alasiri. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, kumharakishia maiti, na sitaki mtu yeyote wa ukoo wetu alazwe akingoja ndege. Baba yako, Mungu amrehemu, alipofariki, ndugu yetu aliyeko Maskati alipata habari kabla hata majirani wa mtaa wa pili hawajajua. Alikuwa uwanjani mapema kuliko ilivyotakiwa. Alipofika hapa watu walikuwa wameshakaa matanga, na yeye akapelekwa moja kwa moja makaburini akasome. Hakuna aliyekosea. Hakuchelewa hata dakika moja katika mambo yaliyokuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu ni hili. Saa tano hazitoshi kwa mazishi. Kama ndicho kitu unachotaka kuhakikishiwa kabla hujatia saini mkataba, hakuna tiketi inayoweza kukuhakikishia, na ni bora ulijue leo. Lakini saa tano ni chache sana kwa kumtembelea mtu aliye hai. Baharia wa zamani alikuwa na njia moja ya kurudi kwa mwaka, na hiyo alipewa na upepo. Wewe unayo kila wiki. Watu wetu walioko Oman, na ni wengi tangu Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 na kuwaita waliokuwa nje, nimewaona wakiweka akiba ya tiketi kwa ajili ya msiba. Miaka inapita, fedha ipo, hawaji. Msiba unatokea, wanakuja, wanakuta kaburi. Mimi nakuomba fedha ile uitumie mama yako angali anakaa barazani.

Hilo lifanye kuwa sehemu ya makubaliano yako ya kazi, lisibaki kuwa nia tu. Sheria ya kazi ya Oman inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 30. Waulize kabla ya kutia saini kama wanakubali uigawe mara mbili, na kama tiketi wanayokupa ya kwenda na kurudi ina tarehe unayoweza kuibadilisha. Uliza likizo ya dharura inaombwa kwa nani na kwa njia gani, upate jina la cheo cha mtu huyo, maana siku ya dharura hutakuwa na akili ya kutafuta. Pasipoti yako ikae kwako, katika chumba chako. Usikubali mtu yeyote akutunzie, hata akikuambia ndiyo kawaida ya mahali pale. Weka kando fedha za tiketi moja ya kurudi na usiziguse kwa jambo jengine lolote. Na ukishajua ratiba ya msimu, niandikie siku ambazo ndege ya moja kwa moja inaondoka kule. Nitaibandika ukutani hapa kando ya kalenda, ili siku yoyote tukihitaji kuamua kitu tujue uko saa ngapi kutoka kwetu siku hiyo.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni zito kidogo. Zungumza na mama yako mwenyewe. Mwambie kama nilivyokuambia mimi, kwamba linaweza kutokea bila wewe kuwapo, na umuulize anataka nini. Nimemsikia akisema na wanawake wenzake barazani. Halikimbii jambo hili kama wewe unavyodhani. Yeye ameishi katika mji wa watu wanaosafiri. Baba yake alikuwa baharia na alikuwa akiaga kila kusi. Anaweza kukupa radhi zake akiwa mzima, kwa mdomo wake, mkiwa mmekaa pamoja, na ukipanda ndege uwe umeshazipata. Usilifanye kwa simu. Boti kutoka Dar inachukua kama saa mbili. Panda wikiendi hii ukae naye siku mbili kabla ya Ramadhani kuingia.

Mimi naunga mkono uende. Nimekaa na hili tangu ulipotuletea habari, na sioni sababu ya wewe kubaki. Kazi ni nzuri, kwa ami yako kule utapata nyumba na watu wa kuzungumza nao Kiswahili mpaka usahau kuwa uko ugenini, na mama yako hapa hatabaki peke yake. Dada zako wapo, mimi nipo kila siku baada ya alasiri.

Ukija, njoo na tiketi hata kama bado hujailipia, tuitazame pamoja saa na tarehe. Niletee na dawa zangu za macho, zile za chupa ya kijani, hapa zimekwisha madukani. Nijibu kabla ya Alkhamisi ili nimwambie mama yako akupikie.

Wasalaam,

Ami yako